Mume wangu kanijengea studio ya kuchorea, mi bado nachorea meza ya chakula kwa kujificha

Anti shikamoo. Naomba jina langu usilitoe, maana mume wangu naye huwa anasoma hii safu na hata bila jina naogopa atajijua, ila nimefika mahali sina tena wa kumwambia.

Mi ni mama wa miaka 46. Mchana nafanya kazi ya mahesabu, kutwa nzima niko na risiti za watu, usiku nachora. Nimeanza miaka tisa iliyopita, natumia rangi za mafuta, na miaka yote hiyo studio yangu ilikuwa meza ya kulia chakula. Watoto wakishalala natandika magazeti, natoa beseni langu la bati ambalo humo ndo kuna kila kitu, rangi, brashi tano sita, chupa ya tapentaini, matambara, halafu nakaa kwenye kiti changu kile kile kinachotazama ukuta, naegemeza kanvasi kwenye rundo la vitabu, nachora mpaka saa saba usiku. Asubuhi huwezi kujua kama kulikuwa na mchoraji hapo, isipokuwa doa moja la bluu kwenye kona ya meza ambalo liligoma kutoka na siku hizi tunaliona kama sehemu ya mbao tu.

Mwaka jana mtoto wetu mkubwa akaondoka kwenda kuanza maisha yake na chumba chake kikabaki. Mume wangu, bila mi kuomba jamani, akasema hicho chumba ni chako. Yeye si fundi wa kazi ila anapenda mbao, ana vifaa vyake, na kwa miezi mitatu kila wikiendi alikuwa humo ndani anapima, anakata, anapiga randa. Alipima kanvasi zangu moja moja akatengeneza kabati lenye sehemu ya kila saizi na milango yake kabisa. Akaweka shelfu ukuta mzima. Akatengeneza droo pana za karatasi. Akaninunulia ile stendi ndefu ya kuchorea kama wanazotumia wachoraji wenyewe. Sakafu akaipiga vanishi. Siku ya kunikabidhi nililia, na nililia kweli, sio kuigiza.

Sasa huu ni mwezi wa nane tangu anikabidhi na sijamaliza picha hata moja humo ndani.

Nilichofanya ni kupanga. Nimeangalia video zote za kupanga studio mpaka simu yangu sasa hainiletei kingine. Rangi nimezipanga ukuta wa dirishani kama upinde wa mvua, brashi ziko ukuta wa mlangoni kuanzia namba 0 mpaka 12, nimebandika lebo 63, nimezihesabu. Jumamosi naingia nasema leo lazima nichore, halafu naona chupa za vanishi zingekaa vizuri zaidi chini kuliko juu, nazihamisha, kumbe zikihama zinaharibu mpangilio wa zile za jeso, ile nyeupe ya kupaka kanvasi kabla ya kuchora, basi nikija kushtuka ni saa kumi, jua la jioni limeshaingia dirishani linapiga moja kwa moja kwenye kanvasi na hapo huwezi kuona rangi yoyote. Siku nyingine nasimama tu mbele ya kanvasi nyeupe na brashi mkononi naogopa kudondosha tone kwenye ile sakafu.

Sasa Anti, aibu yangu ni hii. Miezi mitano iliyopita usiku mmoja nilishuka na beseni langu nikakaa mezani nikachora saa tatu mfululizo, nikajisikia nimerudi. Nikarudia. Nikimaliza naibeba picha kwa ncha za vidole naipeleka studio naisimamisha kwenye stendi, matambara nayakunja natia kwenye mfuko wa plastiki nayasokomeza nyuma ya kabati la vyombo asiyaone, nafungua madirisha harufu iishe, nalala. Asubuhi mume wangu anapita studio kabla ya kwenda kazini, anaona picha imesogea, anarudi amefurahi ananiambia unaona, chumba kinafanya kazi. Na mi nasema ndio.

Wageni wakija anawapeleka. Anawasha taa kwanza halafu ndo anawaita waingie, kama mtu anafungua pazia la jukwaa. Wanasifia kabati, wanasifia lebo, mi nimesimama nyuma natabasamu.

Wiki iliyopita kaleta mbao mpya. Anasema kwa kuwa nazalisha sana anataka kunijengea kabati la pili. Mbao zimeegeshwa koridoni, kila nikipita nazigusa kwa bega. Binti yetu mkubwa anajua, yeye anasema mama mwambie tu baba, ni mbao hizo. Lakini sio mbao. Yule mtu alitumia wikiendi za miezi mitatu. Nikimwambia nachorea mezani nitakuwa nimemwambia na kwamba miezi mitano nimemdanganya kila asubuhi. Nisipomwambia atakata mbao. Mwingine ananiambia nijilazimishe tu kuchora humo ndani, nidhamu, na pengine ni kweli, pengine mi ni mvivu tu niliyepewa kila kitu.

Nifanyeje Anti?

Mama wa lebo 63


JIBU

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza niliiona barua ya ndoa, ya pili nikaiona barua ya studio, ya tatu nikakwama kwenye ule mfuko wa plastiki nyuma ya kabati la vyombo. Tuanze na mfuko, maana mengine yote yanaweza kungoja wiki, huo usingoje hata usiku wa leo.

Mafuta yanayofunga rangi zako, ya kitani, hayakauki kama maji. Yanakauka kwa kushikana na oksijeni ya hewani, na kazi hiyo inatoa joto. Tambara moja likianikwa, joto linapotelea hewani hata hulisikii. Ukiyakunja yakawa bonge na kuyasokomeza mahali pasipo na hewa, joto linakosa njia, linaongezeka, na matambara yanaweza kushika moto yenyewe bila kiberiti wala cheche. Nyumba zimeungua hivyo, tena wakati watu wamelala. Kwa hiyo ukimaliza kusoma hapa nenda kautoe, yaloweke maji na uyatie kwenye kopo la bati lenye mfuniko mpaka utakapojua eneo lenu taka za namna hiyo zinatupwaje, na kuanzia sasa tambara likitumika lianikwe nje limetandazwa, moja moja, mpaka liwe gumu kama kadibodi. Tapentaini iliyochafuka usiimwage kwenye sinki. Iache kwenye chupa yenye kifuniko, uchafu utazama chini, ile safi ya juu unaimimina na kuitumia tena.

Na nikiwa hapo hapo kwenye usalama, nina wasiwasi na meza yenyewe. Umeandika "watoto wakishalala" kwa hiyo nadhani bado mna wadogo wanaokula na kuandika hapo. Geuza tyubu zako usome nyuma. Kuna nyekundu na njano zenye kadimiamu, kuna bluu za kobalti, kuna nyeupe za zamani zenye madini ya risasi, na hizo zina sumu, hazitakiwi kugusana na sahani ya mtu. Gazeti halitoshi, linapenyeza. Kama utaendelea kuchorea mezani, iwe kwa kujificha au hadharani, tafuta ubao au trei pana ya bati ya kuweka juu ya meza ambayo inaondoka na uchafu wake wote. Na madirisha uyafungue wakati unachora, mawili yanayotazamana ikiwezekana, usisubiri umalize, maana anayeuvuta huo mvuke kwa saa tatu ni wewe. Wapo wanaoacha tapentaini kabisa, brashi wanaifuta kwa mafuta ya mimea halafu wanaiosha na sabuni. Inachukua muda zaidi lakini kichwa hakiumi.

Haya, sasa wewe.

Kama nimekuelewa, unaniambia umepewa zawadi kubwa na mtu anayekupenda, zawadi haijakukaa, ukaogopa kusema, na woga huo sasa umegeuka uongo wa kila asubuhi na uongo unakaribia kukatwa mbao. Katikati ya yote hayo umejihukumu kwamba wewe ni mvivu. Hili la mwisho nalikataa kwanza kabla hatujaenda mbali. Mvivu haamki baada ya kutwa nzima ya risiti akachora mpaka saa saba usiku, akabeba kanvasi mbichi kwa ncha za vidole kupitia koridoni gizani bila kugusa ukuta. Kwa hiyo nidhamu unayo, tena ya kutosha kuficha siri. Tutafute kitu kingine.

Ebu nikuombe uweke meza na chumba pamoja kichwani, lakini usiangalie uzuri, angalia mwili wako. Mezani umekaa. Studio umesimama, kwa sababu stendi ni ndefu, na umesimama baada ya wiki nzima ya kazi. Mezani beseni liko pembeni ya kiwiko, mkono unaingia bila macho. Studio brashi ziko ukuta wa mlangoni na rangi ukuta wa dirishani, wewe katikati, kila unachotaka unakifuata kwa miguu. Mezani una brashi tano sita. Studio una kuanzia 0 mpaka 12. Mezani unatazama ukuta mtupu, studio unatazama shelfu zenye lebo zinazokwambia tupange tena. Mezani ni usiku, studio unaingia Jumamosi mchana jua likikufukuza saa kumi. Hakuna hata kimoja hapo kinachohusu kipaji au shukrani. Ni kiti, ni hatua, ni dirisha.

Studio nyingi za kwenye video zimepangwa kwa ajili ya jicho la anayetazama. Rangi kama upinde wa mvua inapendeza kweli, lakini mkono hautafuti rangi kwa mpangilio wa upinde wa mvua. Unatafuta nyeupe, ambayo naamini inakuishia mara nyingi kuliko zote, halafu ile bluu yako iliyopiga doa mezani, halafu rangi mbili tatu za udongo, nyingine zote unazishika mara moja kwa mwezi. Kuna zoezi moja dogo, si lazima ulifanye, nalitaja tu. Kila kitu cha studio kiingie kwenye maboksi, chumba kibaki na kiti na beseni lako la bati. Ukihitaji kitu, ukitoe boksini, ukimaliza usikirudishe, kikae pale mkono ulipokiacha. Baada ya mwezi utaona mwenyewe studio yako ina ukubwa gani. Inaweza ikawa mita moja na nusu tu na chumba kilichobaki ni stoo, na hakuna ubaya.

Mwanga nao tusiuache. Wachoraji wa kaskazini mwa ikweta walipenda dirisha linalotazama kaskazini kwa sababu jua haliingii moja kwa moja, wa kusini ni kinyume chake, na aliye karibu na ikweta jua linamzunguka pande zote mbili kutegemea miezi. Lako linaonekana linatazama magharibi. Hilo huwezi kuligeuza ila kitambaa cheupe chepesi kinalainisha jua, au stendi inahama ukuta ili mwanga uje kutoka ubavuni, upande wa pili wa mkono unaochorea, mkono usijitilie kivuli. Na kwa kuwa wewe ni mtu wa usiku, balbu ina maana kuliko dirisha. Balbu za sebuleni mara nyingi huwa za njano, karibu kelvini 2700, yaani kipimo cha rangi ya mwanga, ndo maana picha uliyoipenda saa saba usiku inaweza kukugeukia asubuhi. Tafuta ya kelvini 5000 hivi ambayo kipimo chake cha kuonyesha rangi, kile kinachoandikwa CRI kwenye boksi, kimefika 90.

Lakini siamini shida yote ni balbu, na nadhani hata wewe huamini.

Nikupe kisa. Francis Bacon, mchoraji wa London, alifanya kazi kwenye chumba kidogo mtaa wa Reece Mews tangu 1961 mpaka alipofariki 1992, chumba kilichofurika makopo, picha zilizochanika, rangi mpaka kwenye milango. Baadaye jumba la sanaa la Hugh Lane kule Dublin lilikihamisha chote na vitu vyake zaidi ya 7,000. Huyo huyo Bacon aliwahi kusimulia kwamba alinunua studio nyingine nzuri karibu na hapo, mwanga safi, akaipamba kwa mazulia na mapazia, halafu akashindwa kabisa kufanya kazi humo. Sikuambii ili ukamwage rangi kwenye sakafu ya watu, na yeye hakuwa na mtoto wa kuandika homuweki kwenye meza yake. Na wapo wa aina nyingine, Giorgio Morandi, mchoraji wa Bologna kule Italia, alikaa na dada zake watatu na miaka mingi alichorea chumba hicho hicho anacholala, chupa zake na vumbi lake pembeni ya kitanda, kimya na utaratibu. Nachosema ni kwamba kushindwa kuchora kwenye chumba kizuri hukuanza wewe.

Sasa hapa nikuulize kwa upole. Unasema mezani unajisikia umerudi. Umerudi wapi? Miaka tisa ulichora mahali ambapo asubuhi hakuna ushahidi. Picha ikiharibika, gazeti linakunjwa, hakuna aliyejua kama ulijaribu. Studio ina mlango, ina taa, ina mtu anayepita asubuhi kuangalia imesogea kiasi gani, ina wageni. Inawezekana humkimbii mume wako wala shelfu zake, unakimbia kutazamwa. Sijui, wewe ndo unajua. Lakini ingekuwa vizuri kutofautisha, kwa sababu kama ni shelfu basi randa na misumari vinatosha, na kama ni kutazamwa hata ukijengewa chumba cha tatu utashuka na beseni. Njia moja ya kujua ni kuingia studio usiku, saa zile zile zako, na kiti chako kile kile cha mezani na beseni, ukae utazame ukuta, ufunge mlango. Ukichora, tumejua kitu. Usipochora, tumejua pia.

Na mume wako je. Umenichorea mtu ambaye atavunjika ukimwambia. Mi nimemsoma tofauti kidogo. Huyu mtu alipima kanvasi moja moja. Kamaliza miezi mitatu ya kazi na mbao zingine keshaleta, hajaombwa. Hujajiuliza kama anachokipenda ni kile kitendo cha kukujengea kuliko kabati lenyewe? Mtu wa randa anajua kitu cha kwanza hakitoki sawa, mlango unakwaruza unaushusha unaupunguza unaurudisha. Kwake kurudisha kitu kwenye benchi si matusi. Lakini pia nakubali simjui, wewe umelala naye miaka yote hiyo, na kuna wanaume ambao zawadi ikiguswa wameguswa wao.

Njia ninazoziona ni kama nne na hakuna yenye kapeti.

Unaweza kumwambia yote, mezani na asubuhi zote za ndio. Faida yake unalala. Hatari ni kwamba atasikia miezi mitano kabla hajasikia kitu kingine chochote, na ile furaha yake ya asubuhi ataanza kuihesabu upya siku kwa siku. Ukichagua hii, fikiria sana utaanza na sentensi gani. "Sipendi chumba ulichonijengea" na "naogopa kuchafua chumba ulichonijengea" zote zipo kwenye barua yako ila hazifiki masikioni sawa, na ya pili naona ndo ya kweli zaidi.

Unaweza kumshirikisha kwenye kurekebisha chumba bila kusema ya mezani. Umwambie nimekaa humu miezi nane nimeanza kujua navyofanya kazi, naomba hizi mbao za koridoni tusitengeneze kabati, tutengeneze meza ya chini ya kukaa na ukingo wa kuegemeza kanvasi, na shelfu moja fupi ya karibu na kiwiko. Na ile milango ya kabati itoke, kwa sababu rangi ya mafuta ikikaukia gizani inakuwa ya njano, inataka mwanga na hewa, hii ni kweli kabisa sijatunga ili kukusaidia. Njia hii ni laini na inampa kazi anayoipenda. Kasoro yake ni kwamba siri inabaki chini ya meza mpya, na binti yenu anaijua. Siri ya watu wawili ndani ya nyumba moja huwa inatoka siku mbaya.

Unaweza kukiri kwamba wewe ni mchoraji wa meza ya chakula na ndo ulivyo. Beseni linapanda hadhi linakuwa toroli lenye magurudumu, studio inabaki ya kukaushia na kuhifadhia na droo zake za karatasi, na hayo ni matumizi halali kabisa. Ila hapo utakuwa umerudisha mlango uliopewa. Kuna wanawake wengi wangetoa chochote wapate chumba chenye mlango, na siku ukitaka picha ya mita mbili meza haitakubeba, na watoto na tapentaini ni yale niliyosema.

Au unaweza kukaa kimya ukajilazimisha Jumamosi mpaka chumba kikuzoee. Watu wengine inawafaa. Wewe umeshajaribu miezi nane na matokeo yake ni lebo 63, kwa hiyo ukichagua hii jiwekee tarehe ya kujiuliza tena, la sivyo mwaka utaisha unahamisha chupa za vanishi.

Kuna kitu kimoja kwenye barua yako kimenibakia. Ulianza kwa kuniambia mume wako anasoma hii safu na kwamba atajijua hata bila jina. Ulijua hivyo na bado ukaandika ncha za vidole, doa la bluu, jinsi anavyowasha taa kabla ya kuita wageni, vitu ambavyo hakuna nyumba nyingine inavyo. Labda ni kupitiwa tu. Labda kuna sehemu yako imeshachoka kungoja na imeamua kumwambia kwa mlango wa nyuma. Kama ni hivyo, unaweza kutaka kufika kabla ya barua haijafika, maana kusikia jambo kutoka kwako koridoni mkiwa mmesimama pembeni ya hizo mbao na kulisoma hapa peke yake si kitu kimoja.

Na yeye kama ndo anasoma sasa hivi, shemeji, naomba usikate kwanza.

Wewe niandikie tena ukijua mbao zimekuwa nini. Na ule mfuko, nenda sasa hivi.